Wiki Bila Moshi

Sufuria yangu ya presha nilipewa na mama mwaka nilioolewa. Ni nzito kama ndama mchanga, ina mishikio miwili ya mbao, mmoja umeungua kidogo, na skrubu sita za kubania kifuniko. Juu ya kifuniko kuna geji ya kupimia presha, kisahani cha kioo chenye mshale ndani, ukubwa wake kama saa ya mfukoni. Mshale huo ndio mwalimu. Ukipika maharage ya maganda ndani ya chupa za kufunga, yakae akiba mwaka mzima, huku kwetu milimani mshale sharti ukae kwenye kumi na tatu dakika ishirini na tano bila kushuka hata unywele. Ukishuka, unaanza kuhesabu upya. Miaka zaidi ya arobaini nimekaa kwenye kigoda mbele ya jiko nikiutazama mshale ule, mikono ikifuma soksi yenyewe.

Lakini geji huchoka, kama goti. Kwa hiyo kila mwezi wa Mei niliifungua, nikaiviringisha kwenye taulo, nikaipeleka mjini kwenye ofisi ya kilimo ya wilaya. Pale alikuwapo Bi Sunniva Haugen, mwanamke mrefu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliifunga kwenye kifaa chake, akapuliza upepo, akatazama, akaniandikia kikaratasi: sawa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, bila malipo. Tuliongea habari za kuku na za magoti, nikarudi nyumbani.

Delmar, mume wangu, si mtu mbaya. Naandika hilo mapema ili lisije likasahaulika huko mbele. Alifanya kazi kiwanda cha mbao cha Pelham Creek miaka ishirini na saba, na nusu ya kidole chake kimoja ilibaki kwenye msumeno. Siku serikali ilipofunga msitu, kiwanda kilikufa, na waliotumwa kuja kutuambia walikuwa vijana wawili wenye viatu vipya. Delmar aliwauliza jina la mti uliokuwa nyuma yao. Hawakulijua. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi za nyuma mpaka chakula kikapoa, na tangu siku ile kila neno la serikali aliliona lina mkia.

Mwanzo alikuwa msikilizaji wa redio, baadaye akawa msemaji. Chumba changu cha kufulia alikibandika trei za mayai kuta zote ili sauti isirudi. Akaweka meza, simu, kipaza sauti, na juu ya mlango taa nyekundu. Taa ikiwaka, haingii mtu hata kama nyumba inaungua. Kipindi kiliitwa Saa ya Mlinzi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa nne asubuhi. Alifundisha bunduki gani ya kununua, namna ya kuzika risasi ndani ya bomba lililopakwa grisi, mapipa mangapi ya maji kwa kila kichwa, na kwa nini usimwambie mtu yeyote kilichomo ghalani mwako. Hiyo ya ghala aliiita kanuni ya kwanza, na hakuna siku aliyoacha kuirudia.

Aliyepokea simu na kusoma barua za wasikilizaji alikuwa Lorena, binti yetu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika. Baba yake alikuwa ameanza kukunja uso hata kwa kuku. Lorena ndiye aliyemrudishia kicheko. Mimi nilisikiliza jikoni, redio ndogo ikiwa juu ya friji.

"Mzee Treloar, Burl hapa, wa Bonde la Mierezi."

"Sema, Burl. Bado hawajakukamata?"

"Waje tu. Mbwa wangu hajala tangu jana."

Lorena akadakia, "Burl, mbwa wako namjua mimi. Akimwona mtu wa posta anajificha chini ya gari."

"Binti, anajifanya! Hiyo ni mbinu ya vita."

Wakacheka wote watatu, na mimi jikoni nikacheka, mkono umejaa unga.

Siku moja mtu akapiga simu akasema mke wake anauliza kama ni salama kupeleka geji ya sufuria wilayani. Delmar alisogelea kipaza sauti, kama afanyavyo akipata jambo tamu. Kisha akasema, "Rafiki yangu, leo wanapima geji. Kesho wanajua una chupa ngapi. Keshokutwa wanakuja na lori." Simu zikamiminika mpaka kipindi kikapitiliza.

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Mei ilipofika alinikuta mlangoni na taulo langu mkononi.

"Orpha, unakwenda wapi na hiyo?"

"Kwa Sunniva."

"Mimi nimesema vile hewani, halafu mke wangu anaonekana kwenye foleni?"

"Hakuna foleni, Delmar. Huwa niko peke yangu."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Nilifungua taulo, nikaifunga geji tena kwenye kifuniko. Nilikuwa mtu wa kupenda amani ya meza. Mei ya pili sikuifungua geji kabisa. Ya tatu pia.

Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa Oktoba, Delmar akatangaza zoezi. Wasikilizaji wote, siku saba, hakuna jiko, hakuna kuni, hakuna taa. Aliliita Wiki Bila Moshi. Moshi ndio utakaowaonyesha mlipo, alisema. Mlinzi asiyeweza kula chakula baridi wiki moja ni mtalii tu mwenye bunduki.

Nilimfuata bandani alikokuwa akipaka mafuta bunduki yake.

"Baba Lorena, maharage ya chupa hayaliwi baridi. Yanachemshwa dakika kumi kwanza, kuua sumu. Mama aliandika ndani ya mlango wa kabati, na mimi sijavunja hata siku moja."

"Chupa zako zimepikwa, hazikupikwa?"

"Zimepikwa."

"Mshale ulikaa pale pale?"

"Ulikaa kwenye kumi na tatu."

"Basi unaogopa nini? Unaniambia miaka yote hii tumeweka akiba ambayo haiwezi kuliwa?"

Ningesema geji haijapimwa, ningekuwa nalaumu mdomo wake. Nikarudi ndani kufuma.

Siku ya kwanza na ya pili tulikula mkate, nyama ya paa iliyokaushwa na pichi. Siku ya tatu, Jumatano, Burl akapiga simu kulalamika kwamba mke wake hataki kufungua maharage bila kuyapasha moto.

"Wanawake!" akasema. "Mzee, wa kwako amekubali?"

Lorena akamwahi baba yake. "Ngoja, Burl. Mama ana chupa zake hapa nyuma yangu, za Agosti hii. Nafungua moja sasa hivi, usikie kwa masikio yako. Mkeo yuko karibu? Mweke kwenye simu."

Nilikuwa nikikata mkate. Chupa iliyofunga vizuri, ukiipenyezea ncha ya kisu, inavuta pumzi ndani, kama mtu aliyeshtuka. Nimezifungua maelfu, naijua sauti ile kama ninavyoijua kikohozi cha Delmar. Ile niliyoisikia redioni haikuvuta. Ilipumua nje, fss, kidogo tu.

Niliacha kisu, nikaenda mpaka mlango wa chumba cha kufulia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nilishika kitasa. Ndani nilimsikia Lorena akitafuna karibu na kipaza sauti kwa makusudi, baba yake akicheka, Burl akisema, "Anakula kama sungura huyo!" Kitasa kilikuwa baridi, na kimelegea skrubu moja. Nilikaa nacho mkononi nikasema moyoni, nisimwaibishe mbele ya watu, kipindi kikiisha nitamwambia.

Taa ilipozimika chupa ilikuwa tupu, na kitunguu alichochanganyia kimeisha.

"Lorena, yatapike."

"Mama jamani! Yalikuwa matamu. Ladha kidogo kama jibini, lakini matamu."

"Kidole kooni, mwanangu. Kwa ajili yangu."

Alinibusu kwenye paji la uso. "Ukiogopa maharage, mama, siku watu wa serikali wakija utafanyaje?"

Alhamisi alikuwa mzima, uchovu tu. Ijumaa asubuhi, akisoma barua hewani, alisimama katikati ya sentensi. Akaanza tena. Akasema, "Samahanini, mistari imekuwa miwili miwili." Baadaye ulimi wake ukawa mzito, na Burl akapiga simu, "Binti, leo kifungua kinywa ulitilia nini kwenye chai?" Lorena akajaribu kumjibu kwa mzaha, na mzaha haukueleweka.

Alipotoka, kope zake zilikuwa zimeshuka nusu, kama mapazia. Bi Haugen aliwahi kunipa kijitabu, na nilikuwa nimekisoma mara nyingi kama watu wanavyosoma habari za moto. Kwanza macho, kisha ulimi, kisha shingo, kisha kifua. Nikamwambia Delmar, ni sumu ya chupa, tumpeleke hospitali.

"Ni mafua," akasema. "Au ni kile wanachomwaga kwa ndege. Uliiona Jumanne ile michirizi angani?"

"Delmar, hawezi kumeza mate."

Hapo akaogopa. Nilimwona. Alimbeba mwenyewe hadi kwenye pikapu, mtu wa miaka sabini na mbili, na kumfunika kwa koti lake. Mwendo ni dakika hamsini. Lorena alikaa katikati yetu, na kichwa chake kilipoanguka mbele nilikirudisha kwa mkono, mara nyingi sana, barabara ile ina kona.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Petrakis, nywele zake zimefungwa kwa raba ya ofisini. Alimtazama Lorena macho, akamwambia atabasamu, hakuweza. Akatugeukia.

"Amekula nini siku hizi tatu?"

Delmar akajibu kabla sijafungua mdomo. "Nyama ya paa na mkate."

"Kitu chochote cha kuhifadhiwa nyumbani? Cha chupa?"

"Hatuna ghala sisi," akasema Delmar.

Nani alimuuliza habari za ghala? Lakini ndivyo kanuni ilivyokuwa imemjaa, ilitoka yenyewe, kama mtu anavyoinua mkono kukinga uso. Daktari akaandika. Akasema huenda ni kiharusi, wakamsukuma Lorena kwenda kupigwa picha ya kichwa.

Na mimi? Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Kulikuwa na saa ukutani, na mshale wake wa sekunde ulikuwa unaruka kila ulipopita saba. Watu wote husema Orpha ni mvumilivu. Nilimtazama Delmar, alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na nilingoja aseme mwenyewe, nisimvunje mbele ya mtu wa nje. Nilingoja dakika arobaini. Nazijua kwa sababu kutazama mshale ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema kwamba anayeumbuliwa mara nyingine si yule aliyeficha.

Nilisimama nikaenda kaunta. "Mwiteni daktari. Amekula maharage ya chupa. Nimeyapika mimi."

Mambo yakaenda mbio. Daktari Petrakis alipiga simu tatu akiwa amesimama. Dawa ipo, akatuambia, lakini haikai hospitali yoyote. Inatunzwa na serikali, itakuja kwa ndege, itafika kesho asubuhi.

"Hakuna sindano ya serikali itakayoingia kwa mwanangu," Delmar akasema.

"Mzee, bila hiyo misuli ya kifua itasimama."

"Yeye mwenyewe hataki. Angalia kwenye mkoba wake."

Kadi ilikuwamo, nyuma ya leseni yake ya gari. Wasikilizaji wote walikuwa nayo. Waliandika barua wakatumiwa. Lorena ndiye aliyezipiga chapa mezani kwangu, mia kwa mia: Mimi niliyetia sahihi hapa sikubali dawa wala chanjo yoyote itokayo kwa serikali, hata nikiwa siwezi kusema. Na sahihi yake chini, ile L yenye mkia mrefu.

Daktari aliisoma. Akasema, "Bado anasikia. Nitamuuliza yeye."

Lorena alikuwa na mpira wa kupumulia kooni tayari. Kope hazikufunguka tena, kwa hiyo nilimfungua jicho moja kwa kidole gumba, taratibu, kama nilivyomsafisha tongo alipokuwa mtoto. Daktari akaweka mkono wake kwenye kiganja chake. "Lorena, unataka dawa? Kama unataka, bana."

Jicho lilimtafuta baba yake. Delmar alikuwa ukutani, kofia imemfunika kifua. Hakumwambia ndiyo wala hapana. Alipiga magoti, mtu yule ambaye magoti yake hayakunji, akatia kidole chake kilichokatika kwenye kiganja kingine cha Lorena. Nikaona vidole vya Lorena vikibana, mkono wa daktari na mkono wa baba yake pamoja. Delmar akatoka nje akakaa kwenye pikapu mpaka kukapambazuka.

Dawa ilifika saa moja asubuhi. Daktari alinieleza bila kunificha: inakamata sumu iliyo bado kwenye damu, ile iliyokwisha kushika mishipa haiwezi kuiachisha. Nilimuuliza kama jana mchana ingekuwa tofauti. Akasema, "Mama, kila saa ina maana." Akatazama chini.

Mashine ilimpumulia wiki nane. Nilimpaka mafuta miguuni, nikamsomea magazeti ya zamani. Wiki ya pili ya Desemba mapafu yalijaa maji, akafa Jumanne, theluji ikianguka nene bila upepo.

Delmar alirudi hewani baada ya siku tisa. Nilikuwa jikoni. Alisema, "Mwanangu aliingia hospitali akitembea. Wakamchoma sindano yao. Mengine mnayajua." Aliingia akiwa amebebwa kwenye koti lake. Alimbeba yeye mwenyewe. Nadhani aliamini alichosema, kwa sababu kama asingeamini hilo angepaswa kuamini kile kingine, na hicho hakuna mtu anayeweza kuamka nacho asubuhi. Watu walinakili kanda, wakazituma nchi nzima. Moja ilimfikia mwanangu Harlan kule Spokane, na wajukuu wangu wakaniandikia: Bibi, ni kweli serikali ilimuua shangazi?

Sikuwajibu siku hiyo. Niliifungua geji, nikaiviringisha kwenye taulo, nikaenda mjini. Bi Haugen alikuwa amesikia msiba. Aliifunga kwenye kifaa, akapuliza. Akarudia. Akavua miwani.

"Ikisema kumi na tatu, Orpha, ni nane."

Hakunilaumu. Aliandika kikaratasi kwa herufi kubwa: inadanganya kwa tano, usiitumie. Ningemshukuru kama angenilaumu.

Asubuhi iliyofuata, saa nne na robo, taa nyekundu ikiwa inawaka, nilishika kitasa kile kile na kukizungusha. Delmar aliinua mkono kunizuia. Nilikaa kwenye kiti cha Lorena, kilikuwa bado na mto wake, nikaweka geji mezani na kikaratasi juu yake. Alikisoma. Mkono wake ukashuka.

Nikasema karibu na kipaza sauti, "Mimi ni Orpha Treloar. Serikali haikumuua binti yangu. Alikufa kwa maharage yangu. Geji ilikuwa mbovu, sikuipeleka kupimwa miaka mitatu, na niliisikia chupa ikipumua vibaya nikanyamaza. Enyi akina mama mnaonisikiliza, pelekeni geji zenu. Chemsheni dakika kumi."

Taa ya simu ikawaka. Delmar hakuipokea, niliipokea mimi, kama alivyofanya Lorena.

"Mama Orpha," Burl akasema, polepole sana. "Pole mama yangu. Kuna mtu nyuma yako hapo?"

"Yupo Delmar."

"Hapana. Mtu mwingine. Wamekupa karatasi usome? Sikiliza, usijibu. Kama wamekushika, kohoa mara moja tu."

"Burl, mwanangu, hakuna aliyenishika—" nikasema, na machozi ambayo hayakunitoka hata kaburini yalinikaba koo hapo hapo, na nikakohoa.

Kabla ya saa sita pikapu tano zilikuwa getini. Wanaume walishuka na bunduki, wakajipanga kwenye ua wangu, migongo yao kwangu, nyuso zao barabarani, kutulinda. Delmar alikuwa bado chumba cha kufulia, taa imezimwa, geji mkononi.

Mke wa Burl alikuja mlangoni. Sikuwahi kumwona, mwanamke mdogo mwenye mashavu mekundu ya baridi. Alinikumbatia kwa nguvu. Alikuwa amebeba kikapu, mkate, siagi, na chupa mbili za maharage ya maganda, mazuri, yamepangwa wima kama penseli.

"Umepika mwenyewe?" nikamuuliza.

"Agosti, mama. Kwa mkono wangu."

"Geji yako uliipeleka kupimwa lini?"

Alitazama nyuma, kwa mumewe pale getini, kisha akanishika mikono, akaipapasa kama mtu anavyompapasa mgonjwa.

"Usijali, mama," akaninong'oneza. "Sisi hatujawahi kuwapelekea."